Mashine ya kusomea kodi za gari: ipi ununue, ipi uachane nayo (hasa ukikutana na P0219)

Kodi ninayoongelea siyo ya TRA jamani, ni ile namba inayobaki kwenye kompyuta ya gari taa ya cheki injini ikiwaka. Na iliyonifanya niandike ni P0219, yaani injini ilizunguka kupita kikomo chake cha kiwandani. Wengi wanaichanganya na ile ya gari za Kijapani kukata zikifika 180, hapana, ile ni spidi ya gari, hii ni RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika.

Jirani yangu ana Navara manyuali ya kutoka Uingereza, taa ikamuwakia anashuka mlima Kitonga. Fundi akasoma namba tu, akamwambia sensa ya krenki (inayopima mzunguko wa injini) imekufa, lete hela. Bahati nzuri akapita kwangu kwanza, nikachomeka kidude changu nikafungua frizi fremu, ile kumbukumbu ya gari ilikuwaje sekunde kodi ilipoingia: RPM 5,200, spidi 74. Kumuuliza taratibu ndo anakumbuka, alikuwa anatoa gia ya tano aingize nne, ikaingia mbili. Hapo limita, yaani kizuizi cha RPM, haina ujanja, yenyewe kazi yake ni kukata mafuta, sasa kama matairi ndo yanaizungusha injini mlimani unakata nini? Tukakagua oili na mlio wa injini, tukafuta kodi, mpaka leo haijarudi. Ingekuwa RPM iko juu wakati gari imesimama na hakuna aliyesikia injini ikinguruma, hapo sawa, ningeshuku sensa ya krenki au waya zake. RPM imepaa ila spidi iko palepale, angalia klachi au giaboksi inateleza.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: mashine isiyoonesha frizi fremu na laivu data (namba za injini zinavyobadilika hapohapo) sinunui hata ikiwa bei ya chapati. Na kabla hujabonyeza kufuta, piga picha skrini, maana ukifuta kodi na frizi fremu inaondoka.

Namba moja kwangu ni adapta nzuri ya bluututh, mfano vLinker au Vgate iCar Pro, unatumia na simu yako na programu ya Car Scanner. Unachomeka chini ya usukani, swichi on, RPM unaziona zinacheza kwenye simu. Wa iPhone hakikisheni ni bluututh ya LE, ile ya zamani haitashika, na za WiFi zinasumbua, ukiunganisha simu unakosa bando.

Namba mbili, vile vya mkononi vyenye skrini yake kama Launch CReader. Havihitaji simu wala chaji, vinakula umeme wa gari, ukimwachia dereva atajua kutumia. Ila vile vidogo kabisa vingine vinasoma injini tu, ABS na eabegi hakuna, uliza kabla.

Namba tatu ni waya wa Mini VCI na programu ya Techstream kwenye laptop, hii ni ya watu wa Toyota, na kwa Toyota ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa kero ya kuinstoli. Utakaa na Windows usiku kucha unatafuta draiva. Ikishakubali lakini, inaona vitu vingi ambavyo vingine vyote haviioni.

Ya mwisho ni zile adapta za bei rahisi, kopi za ELM327 za rangi ya bluu, zimejaa Kariakoo. Nilinunua moja, ikasoma gari la shemeji vizuri tu, kwangu kwenye Toyota IST ikagoma kabisa. Na hapa wengi tunaumia: gari za soko la ndani la Japani za miaka ya 2000 mwanzoni zina soketi ileile ya pini 16 lakini nyingi haziongei OBD2, ile lugha ya kawaida ya mashine hizi, soketi inaingia, mawasiliano hakuna. Kwenye Car Scanner chagua profaili ya Toyota JDM (yaani za soko la ndani la Japani) ujaribu. Pia ukiona mashine inasifiwa kwamba inatambua gari yenyewe kwa VIN (namba ya utambulisho wa gari), ujue gari kama IST ina chesisi namba inayoanza mfano NCP60, siyo VIN ya herufi 17, kwa hiyo utachagua modeli kwa mkono.

Launch X431, zile mashine kubwa za tableti, nimeziacha makusudi, hiyo hela ni ya gereji, mwachie fundi ununue tairi. Na mwenye Fuso ya volti 24 asichomeke hivi vidude vya gari ndogo, unaweza kukiunguza. Basi lenye spidi gavana (kifaa cha kuzuia mwendo) ya kufungwa pembeni nalo, ile ni boksi tofauti, mtafute aliyeifunga.

Ukienda dukani nenda na gari. Mwambie muuzaji achomeke hapohapo, washa injini, kanyaga mafuta kidogo, ukiona RPM kwenye skrini inapanda pamoja na mshale wa dashibodi, na menyu ya frizi fremu ipo, lipa. Akikwambia hiyo utajaribu nyumbani bosi haina shida, rudisha hela mfukoni uende duka la pili.