Ovaholi, injini ya mtumba au "ringi tu": huduma tatu za injini iliyochoka

Gari likishapita kilomita 250,000 na kuanza kula oili, gereji humpa mwenye gari jibu moja kati ya matatu: tubadilishe ringi tu (pete za chuma zinazozunguka pistoni), tufumue injini yote na kuijenga upya (ovaholi), au tafuta injini nyingine tufunge. Kwa uzito wa kazi na matokeo yake, ovaholi kamili iliyopita kwenye mashine za kupima na kuchonga inapata nyota nne kati ya tano. Injini ya mtumba iliyopimwa kabla ya kulipiwa inapata tatu na nusu. Mtumba ambao haujapimwa ni bahati nasibu, hauna nyota. "Ringi tu" inapata moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya injini chache ambazo kweli zinaifaa.

Kabla ya kuchagua, hakikisha injini ndiyo yenye kosa. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache asubuhi ukiwasha, au ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, mara nyingi ni sili za vali. Hizo hubadilishwa bila kugusa pistoni. Moshi wa bluu unaoendelea kila ukivuta mzigo unaelekeza kwenye ringi. Vali ya kupumulia injini ikiziba, oili huingia kwenye njia ya hewa na kuungua vilevile, na kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti. Kwenye gari la turbo, ng'oa bomba linalotoka turbo kwenda kwenye injini: likiwa limelowa oili chepechepe, turbo ndiyo ya kuanza nayo. Taa ya oili nayo isikutishe kabla hujafunga geji ya mkono badala ya sensa. Injini ikiwa imepata moto, karibu psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika ni kiwango cha kuridhisha kwa injini nyingi. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kipimo cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, ndicho cha kwanza kudai, na gereji isiyo na geji yake haistahili kukushauri ufumue chochote. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa plagi vikatwe, pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, kisha stata izungushe mapigo sita au saba kwa kila silinda. Injini nzima ya petroli kwa kawaida husoma kati ya psi 150 na 200. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo yenye maana zaidi: ikizidi asilimia 15, kuna jambo. Silinda iliyoshuka imwagie kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda vimekwisha. Kisipopanda, hewa inapita kwenye vali au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Fundi mwenye kompresa anaweza kujaza hewa kwenye silinda na kusikiliza inakotokea. Ikivuma kwenye mfuniko wa oili ni ringi, kwenye ekzosi ni vali ya kutolea moshi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa.

Sasa hiyo "ringi tu". Mteja huambiwa atalipia ringi, gasketi na kazi ya siku mbili. Tatizo ni kwamba silinda iliyokimbia kilomita nyingi haibaki mviringo. Huchakaa zaidi juu kuliko chini, na pale ringi ya juu ilipokuwa ikigeukia pamebaki ukingo. Ringi mpya ina kona kali. Ikigonga ule ukingo huvunjika, au huvunja mbavu ya pistoni inayoishikilia. Hata isipovunjika, ukuta umeng'aa kama kioo na hauna mistari ya kushika oili, kwa hiyo ringi haikai. Mifereji ya pistoni nayo imepanuka na ringi inachezacheza ndani yake. Ndiyo maana gari linarudi likitoa moshi uleule baada ya kilomita elfu chache.

Pale inapofaa, ni kwa injini ambayo kuta zake zimepimwa na ziko ndani ya kiwango, ila ringi za oili zimegandishwa na masizi. Mfano mzuri ni 2AZ-FE ya Toyota ya takriban 2006 hadi 2009. Ulaji wake wa oili ulitokana na pistoni na ringi zenyewe, na mtengenezaji alikuja na pistoni na ringi zilizorekebishwa. Hapa pana jambo ambalo wauza injini hawalisemi: ugonjwa wa kuzaliwa hauponi kwa kufunga mtumba wa namba ileile. Unanunua injini nyingine ya umri uleule, yenye pistoni zilezile, ikisubiri zamu yake. Kwa injini ya aina hii ovaholi yenye vipuri vilivyorekebishwa inaishinda mtumba moja kwa moja. Injini hiyohiyo, hasa za awali, inajulikana pia kwa thredi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloki (mwili wa injini wenye silinda). Fundi anayeifungua bila kuwa na vifaa vya kuweka thredi mpya ataifunga hivyohivyo na itachemsha tena.

Ovaholi kamili thamani yake yote iko kwenye karakana ya mashine, siyo kwenye gereji inayofungua nati. Uliza wanapima kwa nini. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana, vipimo sita kwa silinda moja. Tofauti ikifika kati ya milimita 0.05 na 0.10, injini nyingi zinataka kuchongwa, kwa kawaida kufuata pistoni ya saizi kubwa zaidi kwa milimita 0.50. Pistoni zinunuliwe kwanza, zifike mkononi mwa mchongaji, kila moja ipimwe, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Anayechonga kabla ya kuziona pistoni anabahatisha nafasi kati ya pistoni na ukuta, ambayo kwenye injini nyingi ni milimita 0.03 hadi 0.05 tu. Tena si kila bloki inachongeka: zipo bloki za alumini ambazo kuta zake zimepakwa tabaka gumu, na karakana ya kawaida haiwezi kulirudisha.

Kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, nayo inapimwa hivyo hivyo. Ikiwa imekwaruzwa, husagwa milimita 0.25 na kufungwa beringi nene zaidi, mradi mtengenezaji anaruhusu, na mviringo wa kwenye kona ya jonali (sehemu ya kranki inayozungukia kwenye beringi) ubaki, maana kona iliyokatwa wima ndipo kranki hukatikia. Nafasi ya beringi hukaguliwa kwa kiuzi cha plastiki kinachobanwa na kusomwa upana wake. Milimita 0.02 hadi 0.05 ni kawaida. Ikizidi, presha ya oili haisimami injini ikipata moto. Ikipungua, beringi inakosa oili na kukwama.

Hedi iliyowahi kuchemsha ndiyo inayowadanganya wengi. Kusawazisha uso wa chini kwa mashine huondoa mpindo unaoonekana kwa rula na fila geji, vipande vyembamba vya kupimia upana wa nafasi (milimita 0.05 ndiyo mpaka wa hedi nyingi za alumini), lakini vitundu vya kamshafti, shafti inayofungua vali, vilivyo juu vinabaki vimepinda vilevile. Kamshafti izungushwe kwa mkono ikiwa imefungwa bila vali. Ikigoma, hedi hiyo imekwenda. Ipimwe pia kwa presha kutafuta nyufa. Bila kipimo hicho, risiti ya kusawazisha haina maana.

Mengine ni madogo lakini ndiyo yanayoua. Silinda iliyochongwa huoshwa kwa maji moto na sabuni, siyo petroli, kwa sababu petroli huacha unga wa jiwe la kuchongea kwenye mistari ya ukuta. Kitambaa cheupe kikitoka na weusi, osha tena, kisha paka oili papo hapo. Pengo la ringi hupimwa ikiwa ndani ya silinda: kama milimita 0.10 kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani karibu milimita 0.32 kwa silinda ya milimita 80. Bolti za hedi za kukaza kwa digrii kwa kawaida ni za kutumika mara moja. Matundu yake yakaushwe kabisa, kwani maji yaliyobaki chini yanaweza kupasua bloki bolti ikikazwa. Na kama beringi ilisagika, kipoza oili kibadilishwe. Huwezi kukiosha ukakiamini, chembe za chuma hujificha humo na kuanza kula beringi mpya.

Mtumba unapendeza kwa sababu ya muda: siku mbili tatu badala ya wiki mbili au zaidi. Unafaa kranki ikiwa imekatika, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imetoboa bloki, au saizi za pistoni hazipatikani. Muuzaji atakuonyesha kilomita. Zipuuze, injini haina odomita. Ng'oa mfuniko wa oili utazame utando wa rangi ya maziwa na matope meusi. Zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, isikwame popote. Pima kompresheni hapohapo sakafuni kwa stata na betri. Kipimo kitatoka chini kidogo kwa sababu injini ni baridi, wewe angalia usawa wa silinda. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikifunguliwa na ukakuta unga unaong'aa kama rangi ya dhahabu au fedha, ondoka. Muuzaji anayekataa yote haya ameshakujibu.

Kisha linganisha na iliyotoka: sensa, manifoldi, pedeli ya waya au ya umeme, flaiwili, mahali pa kushikia giaboksi. Namba inayofanana mwanzoni haimaanishi nyaya zinafanana. Sili ya nyuma ya kranki, pampu ya maji, thermostati, mkanda wa taiming na klachi vibadilishwe injini ikiwa bado chini, kwani sili ya nyuma ikivuja baadaye giaboksi itashuka upya. Namba mpya ya injini iingizwe kwenye hati za gari. Soma pia garantii: nyingi hurudisha injini tu, kazi ya kuitoa na kuifunga tena unalipa wewe.

Injini iliyofanyiwa ovaholi kiwandani inashinda zote kwa ubora, ikiwa inapatikana kwa gari lako na utakubali kurudisha ya zamani.

Ovaholi ikishafungwa, kata mafuta uzungushe kwa stata hadi presha ya oili isimame, ndipo uwashe. Usiiache ikiunguruma palepale nusu saa. Ipeleke barabarani, ivute kwa mzigo wa wastani na kuachia, mizunguko ikibadilikabadilika, kwa sababu ringi hukaa kwa kusukumwa na presha ya mlipuko. Oili ya kwanza imwagwe kati ya kilomita 500 na 1,000, filta ikatwe na kufunuliwa. Chembe chache laini ni za kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa kucha, mrudishie injini aliyeifunga, pamoja na karatasi ya vipimo uliyodai siku ya kuichukua.