Viwanja vya Kimbiji kwa awamu: nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya mpima ardhi wangu

Naanza na nyota ili wenye haraka waende zao: tatu kati ya tano. Kampuni siitaji jina. Hati yangu hatimaye wamenipa, na nilipowauliza wenzangu walionunua kwingine nikaona hizi kampuni za viwanja zinafanana kama sare za shule.

Mimi ni fundi cherehani, Tabata. Desemba tulivunja kikoba nikaondoka na milioni moja na laki tatu. Baba Zuhura alitaka bodaboda. Nikamwambia safari hii hela inakwenda kwenye ardhi, tena si ya kujenga tuhamie, ni ya kuiweka ipande thamani. Nikaona tangazo: Kimbiji, Kigamboni, mita ya mraba shilingi 7,000, kianzio asilimia 30, salio miezi 10 bila riba, hati ndani ya siku 90. Mita 500 ni milioni tatu na nusu. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya vitambaa, nikaona naweza.

Kwa mapokezi sina neno. Jumamosi asubuhi Coaster ilitungoja Mnazi Mmoja, maji ya baridi, fulana, dada wa mauzo anamwita kila mtu "mpendwa". Tukavuka Daraja la Nyerere, na kutoka hapo kila tulichopita kilikuwa sababu ya kununua. Nguzo ya umeme, sababu. Kituo cha mafuta, sababu. Tulipoona yale maghorofa ya Dege, yaliyosimama miaka mingi bila watu, kijana wa kipaza sauti akasema "Kigamboni ndiyo Dar mpya". Mama mmoja wa kiti cha nyuma, mwenyeji wa huko, akaangua kicheko. Akatukumbusha mradi wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008: watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao miaka na miaka, na mji wenyewe haukuja. Kijana akafungulia muziki.

Yule mama aliniokolea hela. Shangazi yangu alinunua Zinga, Bagamoyo, mwaka 2013, habari za kujengwa bandari kubwa huko zilipopamba moto. Aliuziwa kwa bei ya bandari, na miaka kumi baadaye alikuwa bado analima matembele. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: nalipia kilichopo leo, cha kesho nakichukulia kama nyongeza. Walipotaja visima virefu vya Kimbiji nikauliza bomba lililo karibu na mradi liko wapi. Kumbe kisima kuwa Kimbiji na maji kufika kwako ni safari mbili tofauti. "Dakika tano kutoka barabarani" nazo ni za boda, si za miguu. Nilipanda, kwenda na kurudi shilingi 4,000.

Nilionyeshwa kiwanja namba 46, kipo kwenye mwinuko, pembeni kuna mkorosho mkubwa. Nikaupenda ule mkorosho, na hapo ndipo nilipokosea. Nililipa kianzio, 1,050,000, nikasaini mkataba palepale chini ya turubai. Nyumbani usiku nikausoma. Kuchelewesha rejesho siku saba, faini asilimia 10. Kuacha katikati, wanakata asilimia 30 ya ulicholipa. Vyote viliandikwa kwa herufi ndogo, lakini viliandikwa, siwezi kusema nilidanganywa. Unayeanza, omba nakala ya mkataba Ijumaa, uende nayo Jumamosi ukiwa umeshaisoma. Wakinuna, achana nao.

Mdogo wangu ana rafiki mpima ardhi mwenye leseni. Kwa shilingi laki moja na nauli alikubali kwenda na mashine yake. Sijawahi kulipa laki iliyonirudia haraka namna ile. Alichukua koodineti za bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, akazilinganisha na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Kiwanja cha mkorosho ni 43. Cha kwangu, 46, kiko viwanja vitatu chini, bondeni. Tena kwenye ramani kina mita 478, siyo 500.

Nikangoja masika. Aprili, siku ya pili ya mvua, nikaenda peke yangu na mabuti ya shemeji. Pale 46 maji yalinifika juu ya kifundo cha mguu, na vyura walikuwa wameshahamia. Nikapiga video, nikaituma ofisini bila maneno mengi.

Hapa ndipo kampuni ilipojipatia nyota yake ya pili. Meneja alinipigia mwenyewe jioni ileile. Hakubisha. Wakanihamishia kiwanja namba 58, hakina mti, lakini kiko juu na barabara ya mradi inapita mbele. Nikataka mabadiliko yaandikwe kwenye nyongeza ya mkataba, yasainiwe na pande zote mbele ya wakili, siyo "usijali mama yangu, tumeshabadilisha kwenye mfumo". Hicho nacho kilikuwa na mita 485, nikadai pungufu la mita 15. Ni shilingi 105,000, wakalikata kwenye rejesho la mwisho.

Kuhusu karatasi, nitarefusha kidogo, kwa sababu wengi tunaumia hapa. Tangazo lilisema "viwanja vilivyopimwa". Kuna kiwanja kilichochorwa kwenye ramani ya mipango miji, kuna kilichopimwa na ramani yake ikaidhinishwa, na kuna chenye hati. Afisa mauzo anavitaja vyote kwa pumzi moja. Wewe uliza namba ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Akisema "iko kwenye hatua", jua bei unayolipa nayo ilipaswa kuwa kwenye hatua. Swali la pili: shamba hili lilikuwa la nani? Letu lilikuwa la familia iliyofiwa na baba. Nikaomba kuona barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, na risiti za kampuni kuilipa familia. Walinionyesha baada ya wiki mbili. Ungekuwa unanunua kwa mtu binafsi mwenye ndoa, na ridhaa ya mwenza wake ungeitaka kwa maandishi. Kwenye eneo lenye hati tayari, upekuzi kwa Msajili wa Hati ndio unaokuambia kama limewekwa rehani au lina zuio. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri, anawajua watu, ila muhuri wake si hati.

Wenzangu wawili kwenye Coaster walitaka vya ufukweni. Nikawauliza kama wamesikia habari ya mita 60 kutoka ufukweni ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazilinda zisijengwe. Hawakuwa wamesikia, na kijana wa kipaza sauti hakuwa na haraka ya kuwaambia.

Nyota zilizopotea zimepotelea kwenye hati. Siku 90 zilikuwa miezi 13. Na ile 7,000 haikuwa na gharama za hati ndani yake: ada ya usajili, ushuru wa stempu, kodi ya pango la ardhi, na malipo ya "ufuatiliaji" ambayo mpaka leo sijaelezwa yalifuatilia nini. Kwangu vilizidi laki sita. Ungeniambia mapema ningenunua mita 400 nikapumua.

Na hii hakuna aliyeitaja kwenye basi: hati inakuja na masharti ya kuendeleza. Yangu imeandika niwe nimejenga ndani ya miezi 36. Mpango wangu wa kununua na kukaa kimya umekwisha hapo. Na siku nikiuza, TRA, watu wa mapato, wana asilimia 10 ya faida, kwa hiyo risiti zote, hata ya mpima ardhi, nimezitia kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.

Kama mfuko wako ni kama wangu na unataka hela ya kila mwezi, kiwanja kitupu si jibu. Shemeji yangu yuleyule wa mabuti alichukua kiasi hichohicho akaongezea, akajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake Chanika, anapangisha elfu 60 kila kimoja. Mwaka wa kwanza chumba kimoja kilikaa miezi mitatu bila mtu, na shimo la choo likajaa kabla ya wakati, lakini kodi ya miezi sita ameishika mkononi. Mimi nina mihogo.

Niliipanda kando ya bikoni ili eneo lionekane lina mwenyewe. Mbuzi wa jirani, mzee wa Kimbiji, wameshaila mara mbili. Mara ya pili alinipigia simu mwenyewe kuomba radhi, akaongeza kwamba wiki iliyopita kuna watu walikuja na gari kumwonyesha mteja kiwanja changu, naye akawafukuza. Jumapili nampelekea kanzu, nimemshonea bure.