Kisanduku Kipi cha Kunadia Briji? Tazama Kwanza Rangi ya Uru

Malalamiko ya wasomaji wangu yamefanana mno: mtu kakusudia uru mbili, mezani imetua kopa mbili, na mwenzake kanuna mpaka mwisho wa mchezo. Mnalaumu macho. Laumuni kisanduku, kile chenye kadi mnazotoa mezani kunadi badala ya kutamka.

Mwenzio kafungua moja bila turufu, nanyi mnacheza uhamisho, yaani unanadi aina iliyo chini ya ile uliyo nayo ili yeye aitaje yako. Uru mbili humwambia una kopa tano au zaidi. Kopa mbili humwambia una shupaza. Kichwani umebeba kopa, na mkono hufuata kichwa. Sasa kisanduku kikiwa cha rangi mbili tu, ncha za uru na kopa zinachungulia pamoja, zote nyekundu, nani atakunusuru? Sheria ya 25 ya briji inaruhusu kubadili kadi iliyotoka bila kukusudia, lakini kabla mwenzio hajanadi, na mwamuzi aridhike kwamba umeteleza mkono, si akili. Nenda ukamshawishi. (Pau mbili ya Stayman, ile ya kumuuliza mwenzio kama ana kopa nne au shupaza nne, haina balaa hili, jirani yake hafanani naye.)

Kwa hiyo mimi sitazami ukubwa wala urembo. Nataka rangi nne: pau kijani, uru ya chungwa, kopa nyekundu, shupaza buluu.

Ya kwanza, tena kwa mbali, ni kampuni ya Jannersten ya Uswidi. Ndiyo, nawapendelea. Visanduku vya kunadia vilibuniwa nchini humo mwaka 1962, na wao hutengeneza vifaa vya briji kama watu wanaoicheza.

Ya pili, chochote chenye rangi nne kinachobanwa pembeni mwa meza. Vile vya kusimama juu ya meza naviweka nyuma: vinagombea nafasi na karata za bubu (mchezaji anayelaza zake wazi mezani), na kiwiko kikivigusa vinaanguka.

Vya bei ya chini vyenye kadi za karatasi? Kadi za pasi huchakaa kabla ya zote. Tuendelee.

Wauzaji ndio wanaonikera. Kadi za mnada ni 35, kuanzia pau moja hadi saba bila turufu. Ikipotea moja, unaambiwa ununue seti nzima ya visanduku vinne. Na picha wanazoweka ni za kisanduku kilichofungwa! Nilimwandikia muuzaji mmoja kumuuliza uru yake ina rangi gani. Akanitumia picha ya kifuniko.