Scala 2.13: naipenda, ila inanakili data kimya kimya

Jamani Scala 2.13, lugha ya kuandikia programu, nimeitumia tangu masika mpaka baridi hii ya Mbeya, na kwa kuwa vijana wa MUST (chuo cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya) wananiulizaga kama inafaa kujifunza, jibu ni inafaa, naipa nyota 4 kati ya 5. Programu inakuwa fupi, map na filter (za kubadilisha na kuchuja data) zinasomeka vizuri, laibrari za lugha ya Java zote unazitumia humo humo.

Nyota moja nimeikata kwa hiki kitu. Natengeneza programu ya wakulima wa parachichi Rungwe, uzito wa kreti laki 5 uko kwenye Array moja ya Int (safu ya namba kamili), halafu nina fankisheni inapokea Seq (aina nyingine ya orodha), inajumlisha kreti za tiketi moja tu ya mizani, kama 12 hivi, na tiketi ziko 40,000. Nikaipa ile Array, ikapokea bila neno, majibu sahihi kabisa, lakini inachukua karibu dakika nzima na feni ya laptopu inalia. Siku mbili nahangaika na databesi ya watu bure, nikidhani ndiyo inachelewesha!

Kumbe kuanzia 2.13, iliyotoka 2019, Seq ya kawaida ni ile isiyobadilika, na Array yenyewe inabadilika, kwa hiyo ukiiweka Array panapotakiwa Seq kompaila (inayotafsiri kodi yako) inachomeka ubadilishaji wake na kunakili Array nzima. Kila unapoita! Int moja ni baiti 4, kreti laki 5 ni MB 2, mara tiketi 40,000 ni GB 80 zinahamishwa ili nisome namba 12 12. Ni kama muuza viazi pale Mwanjelwa amwage gunia zima kwenye gunia jingine kila mteja anapotaka kilo moja.

Onyo la kompaila lipo, ila usipowasha -deprecation (chaguo la kuonyesha maonyo haya kwa undani) unapata mstari mmoja tu usiosema shida iko wapi. Washeni hiyo kitu siku ya kwanza kabisa. Mimi nimeifunga Array mara moja nje ya lupu kwa ArraySeq.unsafeWrapArray, haikopi chochote, ila baada ya hapo usiiguse tena ile Array maana mabadiliko yatapenya mpaka kwenye Seq. Sasa kazi yote inaisha chini ya sekunde moja.

Na kinachoniuma, kwa upande wa kolekisheni za Java watu wa Scala walishalirekebisha hili, ile JavaConversions iliyokuwa inabadilisha kolekisheni kichinichini wameiondoa, sasa unaandika .asScala mwenyewe na kila anayesoma anaona. Array nayo wangeifanyia hivyo hivyo, nyota ya tano ningewapa leo leo.