Mafunzo ya siku mbili ya usalama kwa wazalishaji wa bayodizeli, Kizota, Dodoma

Nilihudhuria mafunzo haya mwezi uliopita pamoja na vijana wawili wa karakana yetu, ambayo hugeuza mafuta ya alizeti na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi kuwa bayodizeli ya kuendeshea mashine za kusaga. Ada ilikuwa shilingi 90,000 kwa kila mtu, na kwa tuliyofundishwa siku ya kwanza pekee, sikuijutia.

Mkufunzi alianza na methanoli, ile spiriti tunayochanganya na mafuta, wala hakuiacha hadi saa saba mchana. Wengi wetu tulikuwa tukiogopa kostiki, kemikali kali inayoharakisha mchanganyiko huo, kwa kuwa huunguza mkono, ilhali methanoli tulikuwa tukiipima hatua chache tu kutoka kwenye jiko la mkaa. Alitueleza kwamba mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 12 hivi, kiwango ambacho Dodoma hukipita hata alfajiri nyingi za Julai. Kwamba mwali wake hauonekani vizuri juani, hivyo mtu huweza kuungua kabla hajajua kuna moto. Na kwamba mchanganyiko ukipashwa kufikia nyuzi 65, methanoli huanza kuchemka, na pipa lililofungwa kabisa huweza kupasuka. Kwa kuwa hewa yetu kavu ya kiangazi hurahisisha kujengeka kwa umeme tuli, ambao huweza kutoa cheche, mapipa ya chuma na pampu sharti vifungwe waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme huo ardhini, kabla ya kumimina. Hilo la ethi sikuwahi kulisikia, nami nina miaka minne katika kazi hii.

Siku ya pili, ya vitendo, ilinivunja moyo. Tulielekezwa namna ya kuosha kwa angalau dakika 15 jicho lililoingiwa na kostiki, mbele ya bomba lisilotoa hata tone. Katika mji uliozoea mgao wa maji, tenki la akiba lilipaswa kununuliwa kabla ya viti. Mitungi ya kuzimia moto tulionyeshwa tu. Gliserini inayobaki, ambayo bado hubeba methanoli na ambayo baadhi yetu huwauzia watengeneza sabuni wanaoichemsha majumbani, ilipewa dakika chache jioni, watu wakiwa wameshafunga madaftari.

Utaratibu wa kusajili eneo la kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ulielezwa vizuri.

Nina vijana wengine wawili wa kuwapeleka, na nimeshauliza kama inawezekana kulipia siku ya kwanza peke yake.