Kamusi ya Simu na Kitenzi "Pull Out"

Kamusi ya Kiingereza hupimwa vizuri zaidi kwa vile vitenzi vya maneno mawili ambavyo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya kila neno, na hii ninayoitumia kwenye simu nimeipima kwa "pull out".

Kwa upande wa maana, imefanya kazi nzuri sana. Inaanza na kung'oa jino na kuchomoa msumari, inapita kwenye treni inayoondoka kituoni na gari linalotoka pembeni kuingia barabarani, ndipo inapofika kwenye kujitoa: mchezaji anajitoa mashindanoni, kampuni inajiondoa kwenye mkataba, nchi inayaondoa majeshi yake vitani. Mpangilio huo unamfaa sana msomaji, kwa kuwa anaona jinsi tendo la kuvuta kitu kutoka ndani lilivyozaa maana ya kuondoka. Hata msemo "pull out all the stops", usiohusu kujitoa hata kidogo, umeelezwa asili yake, yaani vile vishikio vya kinanda cha mabomba ambavyo mpigaji akivivuta vyote, sauti hutoka kwa nguvu zake zote.

Upungufu uko kwenye sarufi, nao si mdogo. Hakuna mahali inapoelezwa kwamba kiwakilishi lazima kikae katikati, hivyo anayeandika "pull out it" badala ya "pull it out" hapati wa kumwonya. Wala haielezwi kwamba ukitaka kutaja kile unachojitoa kwacho, sharti utangulize "of", kama katika "they pulled out of the deal".

Linalonisikitisha zaidi ni kuona "back out" imeorodheshwa kuwa kisawe, bila neno lolote la ziada. "Back out" humhusu aliyekwisha kukubali au kuahidi kisha akageuka, na mara nyingi hubeba lawama. Kikosi kilichoamriwa kuondoka vitani hakistahili kitenzi hicho. Mwanafunzi akivichanganya katika barua ya kazi, anaweza kumtuhumu mtu kwa kuvunja ahadi ilhali alitaka kusema tu kwamba amejiondoa.

Kwa anayesoma magazeti ya Kiingereza, naipendekeza bila kusita. Anayeandika awe na kitabu cha sarufi kando yake, mpaka watengenezaji watakapoongeza sentensi za mfano chini ya kila maana.