Unga wa mlonge wa "kuongeza kinga": niliyoyaona kwa siku 40 hapa Mtwara

Msimu wa korosho uliopita nilifanya kazi ya ukarani wa mizigo kwa zamu za usiku hapa Mtwara mjini, na kati ya Novemba na Januari mafua yalinishika mara tatu, ya mwisho yakanilaza siku tano mfululizo. Ndipo nikaenda katika duka moja la bidhaa za asili na kununua, kwa shilingi 12,000, pakiti ya gramu 250 ya unga wa majani ya mlonge uliochanganywa na ubuyu na tangawizi. Juu ya pakiti yameandikwa kwa herufi kubwa maneno "huongeza kinga ya mwili maradufu na kuzuia magonjwa yote", na mama aliyeniuzia alinielekeza kwa upole: "Mwanangu, kijiko cha chai asubuhi na kingine jioni, mafua utayasikia kwa jirani." Nimeutumia hivyo kwa siku 40, hadi pakiti ikaisha.

Nianze na unga wenyewe, kwa sababu unastahili sifa. Majani ya mlonge yanayoanikwa kwenye jua kali hupoteza sehemu kubwa ya karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na rangi yake huelekea kuwa ya kahawia. Unga huu ulikuwa wa kijani kilichokolea hadi kijiko cha mwisho, dalili nzuri kwamba majani yalianikwa kivulini na hayakukaa muda mrefu ghalani. Umesagwa laini, hauna mchanga, na uchachu wa ubuyu unafunika ule ukakasi wa mlonge unaowashinda wengi. Ndani ya uji wa mtama ni mtamu kweli, ila usiuchemshe. Uutie uji ukishaepuliwa. Mlonge una protini, madini ya chuma na kalisi, na mtu aliyepungukiwa na vitamini A au chuma huwa na kinga dhaifu, kwa kuwa utando wa pua, koo na utumbo, ambao ndio ukuta wa kwanza dhidi ya vijidudu, hulegea, na chembe nyeupe za damu hazifanyi kazi yake ipasavyo. Kwa nyumba inayokula ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi siku nyingi za juma, kijiko cha unga huu ni nyongeza ya maana.

Ahadi iliyoandikwa juu ya pakiti ndiyo nisiyoikubali. Kinga ya mwili haijazwi kama mtungi, kwamba kila anayeongeza anapata zaidi. Mtu ambaye tayari ana virutubisho vya kutosha hapati ulinzi wa ziada kwa kuongeza kijiko, na tena kinga inayofanya kazi kupita kiasi au kupotoka lengo ni ugonjwa, kama tunavyoona katika pumu ya mzio, au katika baridi yabisi, ambapo chembe za kinga hushambulia viungo vya mwenyewe.

Siku ya 26 mafua yalirudi. Nilikwenda zahanati, na muuguzi, kabla hajanigusa, aliniuliza, "Kaka, unalala saa ngapi kwa siku?" Nilimjibu kwamba nalala saa nne, tano siku ikiwa njema, kwa sababu mchana mtaani kwetu hakuna utulivu. Swali lile lilinifanya nitafute kusoma, na nikakutana na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015: watu wazima 164 wenye afya walipimwa usingizi wao kwa wiki nzima, kisha wakatiwa virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua takriban mara nne ya wale waliolala zaidi ya saa 7. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba anayekosa usingizi siku za kupata chanjo hutengeneza kingamwili chache. Nilisikitika kuona kwamba pakiti nzima haina hata neno moja kuhusu usingizi, ilhali mteja mchovu kama mimi ndiye anayenunua.

Haina neno pia kuhusu sigara, ambayo huua vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa, wala kuhusu kisukari, ambacho humwongezea mgonjwa hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu. Na kwa sisi wa kusini kuna jambo linaloniuma zaidi: mabibo yana vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, lakini wakati wa mavuno yanaoza chini ya mikorosho au yanageuzwa uraka, na pombe ikizidi ndiyo inayodhoofisha kinga. Mtengenezaji wa unga huu angeanika mabibo na kuyaweka ndani ya pakiti yake, ningekuwa mteja wa kwanza.

Kuhusu ufungashaji, pakiti haina tarehe ya kutengenezwa, haina namba ya simu ya mtengenezaji, wala nembo ya TBS, shirika ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula; na kama unga huu unauzwa kwa madai ya tiba, basi ulipaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Upungufu huu si mdogo. Mlonge unaweza kushusha sukari ya damu, na mama yangu, anayeishi Mikindani na kumeza vidonge vya kisukari kila siku, angeutumia bila onyo lolote kama nisingemwambia amuulize daktari wake kwanza.

Kama chakula, naupendekeza, hasa kwa uji wa asubuhi, ingawa bei ni kubwa kwa kitu kinachoota uani. Kama kinga ya mafua, usiununue. Mimi pakiti ya pili sikuichukua: nimeotesha matawi mawili ya mlonge nyuma ya nyumba, na nimeandika barua ya kuomba zamu ya mchana kwa msimu ujao.